Maji Niliyomnyima Baba

Kibanda changu kiko kwenye mteremko wa hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, ukishuka kuelekea mjini, kati ya duka la dawa na mama anayeuza chapati maharage. Ni steshenari kama zilivyo nyingine: mashine ya fotokopi, printa mbili ambazo moja haiishi kuumwa, kompyuta, na benchi la mbao hapo nje ambalo limesikia mengi kuliko padri.

Wateja wangu ni wa aina mbili. Kuna wanafunzi wa udaktari na uuguzi, wanaoleta kazi za kuchapa saa mbili usiku na kuzitaka saa moja asubuhi. Halafu kuna wagonjwa na ndugu zao, wanaotoa kopi ya majibu ya vipimo ili moja ibaki nyumbani na nyingine ipigwe picha iende kwa mjomba wa Dar es Salaam mwenye uwezo. Hawa wakishapewa kopi yao hawaondoki. Wanaigeuza, wanaitazama juu chini, halafu wanauliza: "Dada, samahani, hapa wameandika nini?"

Hao wa kwanza ndio walionitia kiburi cha kuwajibu hawa wa pili. Ukichapa kazi za watu miaka kumi na moja, maneno yanakuingia utake usitake. Kijana mmoja wa mwaka wa tatu aliwahi kuniona nakosea neno refu mara nne mfululizo, akanicheka, akanipa siri: usilikariri lote, livunje. Maneno ya kitabibu yameungwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini kama mabehewa, ukivijua vipande mia hivi unaweza kusoma karibu lolote. Siku hiyo hiyo nikatoa kauntabuku mpya kwenye shelfu langu mwenyewe, nikaandika MIZIZI kwenye jalada. Kardio, moyo. Hepa, ini. Nefro, figo. Haidro, maji. Kurasa za mwisho niliziacha kwa mikia: itisi, oma, osisi.

Lilikuwa daftari zuri na nililipenda. Mtu akileta karatasi yenye haidroseli, nalifungua: haidro maji, seli uvimbe. Naam, ni ngiri maji, busha, kila mtu analijua. Mama akileta mtoto mwenye haidrosefalasi: haidro maji, sefali kichwa. Kichwa maji, hata mitaani ndivyo wanavyosema. Kigiriki kikawa kinanikubali kila nikikigusa. Nikaanza kusema kwa sauti ya mtu anayejua.

Basi mwishoni mwa Septemba, kabla mvua hazijaanza, baba akaja.

Baba yangu anakaa Kwimba, unashuka Ngudu halafu unapanda bodaboda mpaka pikipiki yenyewe ichoke. Ana miaka sabini na moja. Alikuwa akilalamikia kiuno upande wa kushoto tangu mwaka juzi, na zahanati ya kijijini walishampa dawa za UTI mara mbili. Nikamwambia aje mjini apimwe vizuri. Tukaenda kituo kimoja cha vipimo, akapigwa ultrasaundi, na aliyempima hakufungua mdomo zaidi ya kusema vuta pumzi, shikilia, achia. Mwishoni akatupa bahasha. "Mpelekee daktari." Miadi ya daktari tuliyopata ilikuwa baada ya siku tisa.

Siku tisa na bahasha ndani ya nyumba! Nani angeweza? Tulikuwa hata hatujavuka barabara. Baba alikaa kwenye benchi langu, nikampa bilauri ya maji kwa sababu jua lilikuwa kali, akasema, "Mayu, isome."

Baba huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Akiniita hivyo siwezi kukataa kitu.

Karatasi ilikuwa fupi. Figo la kulia, ukubwa wake na neno la kawaida. Figo la kushoto, neno moja: haidronefrosisi, na mbele yake kivumishi cha kusema ni ya wastani. Sikuhitaji hata daftari. Haidro, nefro, osisi. Maji, figo, hali.

"Figo lako la kushoto lina maji, baba."

"Maji?"

"Limejaa maji."

"Mengi?"

"Ya wastani."

Akatikisa kichwa polepole, kama anavyofanya akiambiwa bei ya ng'ombe. Kisha akaitazama ile bilauri mkononi mwake, akainama, akaiweka chini pembeni mwa mguu wa benchi. Nilimwona. Nikadhani anaitua tu.

Kwa siku zilizofuata, kila nikirudi jioni nilikuta bilauri yake mezani imefunikwa kifudifudi. Nikajiambia ni yale yale ya wazee wa kijijini, kwamba maji ya bomba ya mjini yananuka dawa. Nikanunua dumu la maji ya dukani la lita tano. Likakaa na kizibo chake. Asubuhi alikuwa anaacha uji nusu. Siku ya sita midomo ilikuwa imekauka mpaka ina magamba, nikamlaumu upepo wa ziwani. Hakuwa mtu wa kueleza mambo yake, nami sikuuliza, na laiti ningeuliza swali moja tu, angenijibu kwa utulivu kabisa kwamba lambo likishajaa unaziba mfereji unaoliingiza. Mfugaji gani hajui hilo?

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Aliisoma karatasi, akauliza maswali, kisha: "Mzee, maji unakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Nimekaza, daktari," baba akasema, na kulikuwa na fahari kwenye sauti yake. "Nusu kikombe. Siku nyingine sinywi kabisa. Nalikausha."

"Unakausha nini?"

"Hilo figo lenye maji."

"Nani alikwambia usinywe?"

Baba hakunitaja. Alinitazama tu, mara moja, akarudisha macho kwenye meza. Daktari akanitazama na mimi. Ukuta ulikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, naikumbuka tarehe kwa tarehe.

Akachukua bahasha ile ile, akaigeuza nyuma, akachora. Maharage mawili makubwa yanatazamana. Kutoka kila moja, mrija mwembamba unaoshuka, urefu wake mwilini ni kama rula ya mwanafunzi, sentimita ishirini na tano hadi thelathini. Chini, mfuko mmoja unaopokea mirija yote miwili. Akasema mafigo yanachuja kama lita 180 kwa siku, karibu madumu tisa ya lita ishirini, na karibu yote yanarudishwa kwenye damu. Kinachobaki ni lita moja na nusu hivi, na hicho ndicho kinachoshuka kwenye mirija. Kisha kwenye mrija wa kushoto, karibu na mfuko, akaukoleza wino akapiga kifundo.

"Hapa pamebana. Figo linafanya kazi yake, linatengeneza, linashusha. Ikifika hapa haipiti vizuri. Inajaa, inarudi juu, figo linatanuka. Hayo anayoyasema binti yako siyo maji uliyokunywa, mzee. Ni mkojo. Umekosa njia."

Akaongeza kwamba kunyimwa maji hakukulisaidia figo la kushoto hata kidogo, na la kulia, lililokuwa zima na kubeba kazi ya yote mawili, nalo tulikuwa tumeanza kulichokoza. Kipimo cha damu cha kreatinini, taka ambayo figo hupaswa kuitoa, kilikuwa kimepanda kidogo. Arudi kunywa maji kama kawaida yake, leo hii.

Nataka nisimame kidogo kwenye lile neno alilolitamka daktari bila kupepesa macho, kwa sababu kosa langu lilikuwa na mizizi miwili na mmoja tu ndio ulikuwa wa Kigiriki.

Mimi na baba yangu hatujawahi, katika maisha yetu yote, kutamka neno mkojo mbele ya mwenzake. Sitanii. Kwetu mtoto wa kike na baba yake wana maneno mengi ya kupita pembeni: haja ndogo, kwenda nje, kujisaidia. Basi la Ngudu likisimama porini konda anatangaza watu wakachimbe dawa, na baba anashuka kuchimba dawa, na mimi nageuza uso natazama mahindi. Hata nilipoisoma ile karatasi kwenye benchi, nakumbuka kabisa kwamba kuna kitu ndani yangu kilishajua. Nimechapa kazi ngapi za figo? Najua figo linatoa nini. Lakini neno maji lilikuwa limekaa pale, safi, limetumwa na Wagiriki, halimwaibishi mtu. Nikalichukua kwa mikono miwili. Kiswahili nacho ni karimu mno na neno hilo: maji ya betri, maji ya machungwa, maji ya uti wa mgongo, kila kinachotiririka tunakiita maji. Nilidhani nimetafsiri, kumbe nilikuwa nalinda adabu.

Usiku ule baba alikunywa bilauri tatu akiwa amesimama jikoni, nami nilikaa na daftari langu nikitaka kujua aliyeleta neno hili ni nani na alikuwa anafikiria nini. Nilikuwa namtafuta wa kugawana naye lawama, nisiseme uongo.

Nikampata. Alikuwa Mfaransa, Pierre Rayer, daktari wa hospitali ya Charité mjini Paris. Kati ya 1839 na 1841 alichapisha kitabu cha juzuu tatu kuhusu maradhi ya mafigo, pamoja na picha kubwa za rangi, na humo ndimo neno haidronefrosisi lilimozaliwa, mwaka 1841. Alikuwa mmoja wa madaktari wa mwanzo kuutia mkojo wa mgonjwa chini ya hadubini na kuupa heshima ya kuchunguzwa. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuona aibu kama mimi. Mbona basi akaandika maji?

Fikiria alikuwa anatazama nini. Mwaka 1841 hakuna ultrasaundi. Eksirei yenyewe imegunduliwa mwaka 1895, zaidi ya miaka hamsini baadaye. Njia pekee ya kuliona figo la mtu ilikuwa kusubiri afe, umpasue. Figo lililozibwa kwa miaka mingi ukilifungua mezani unakuta nyama yake imeliwa imekuwa ganda jembamba, mfuko tu, na ndani yake umejaa kitu chembamba, kimepauka, kama maji. Mrija umelala pembeni, mgonjwa hawezi tena kueleza, na kilichoziba pengine hakionekani. Rayer akaandika alichokiona: hydor, maji, nephros, figo, na ule mkia wa kusema ni hali. Neno lake lina macho mazuri sana, lakini halina mwanzo wa hadithi. Linakwambia umekuta chumba kimefurika, halikwambii nani kaziba mtaro.

Baada ya hapo nilianza kuyatazama maneno mengine ya daftari langu kwa jicho la polisi. Yako yaliyo ya watu waliotazama tu na kutaja kilichofanana na vyombo vya nyumbani kwao. Pale mkojo unapokusanyika kwanza ndani ya figo wanapaita pelvisi, na kwa Kilatini hiyo ni beseni. Vile vijumba vinavyoumwagia humo ni kalisi, kutoka neno la Kigiriki la kikombe cha ua. Kile kichujio chenyewe, kimshipa kilichojiviringa kisichoonekana kwa macho, ni glomerulo, kijidonge cha uzi. Beseni, vikombe, donge la uzi. Ni kama mtu kaingia kwa bibi kizaa bibi wa Kirumi akahesabu vitu vyake. Mengine yamebadilika tabia njiani. Nefritisi, ambayo wanafunzi wangu wanaiandika kumaanisha figo lililowaka na kuvimba, kwa Wagiriki wa kale ilikuwa kivumishi tu, ugonjwa wa figo, wowote ule. Na ile kreatinini iliyopanda kwenye damu ya baba, ukoo wake ni kreas, nyama: Mfaransa mwingine, Chevreul, aliichuja kreatini, mzazi wa hiyo kreatinini, kwenye nyama mwaka 1832 akaipa jina la jikoni.

Neno letu la figo halikukopwa kokote. Waganda ng'ambo ya ziwa wanaita ensigo, Warundi wanaita amafyigo, ukisikiliza unalisikia ni lile lile limevaa nguo ya kwao, ukoo wa Kibantu mzee kuliko mipaka yote hii. Ndugu wa nephros wa Wagiriki yuko kwa Wajerumani, wanasema Niere. Walatini walikuwa na renes, ndiyo maana madaktari huchanganya: ugonjwa unaitwa kwa Kigiriki, mshipa wa damu wa figo hilo hilo unaitwa kwa Kilatini. Kwa mtu anayechapa kwa malipo ya kurasa, hiyo ni dhuluma.

Sisi wenyewe tusijisifu. Mitaani tunasema fulani anakwenda kusafishwa figo. Shangazi aliposikia habari za baba alipiga simu analia, kwamba sasa ndugu yake atasafishwa figo mara tatu kwa wiki mpaka kufa. Ile mashine haisafishi figo. Figo la mgonjwa linabaki vile vile lilivyo, pale tumboni, halijaguswa. Kinachosafishwa ni damu, inatolewa, inapita kwenye chujio, inarudishwa. Neno lake la kitaalamu, dayalisisi, lililetwa na Mskoti Thomas Graham mwaka 1861, mkemia, kutoka Kigiriki cha kufungua na kutenganisha, na hakuwa na mgonjwa hata mmoja kichwani, alikuwa anatenganisha vitu kwenye vimiminika kwa utando mwembamba. Mashine ya kuwafaa watu ilikuja na daktari Willem Kolff, Uholanzi, mwaka 1943. Nilimweleza shangazi haya yote, akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hiyo watamsafisha au hawamsafishi?" Hawamsafishi, shangazi.

Baba mwenyewe alikuwa na jambo lake. Ni mzee wa kanisa, Biblia yake imeshonwa upya mgongo mara mbili. Tukiwa kwenye daladala la Buhongwa, tumebanana, akaniuliza kwa nini kila mtu, tangu zahanati, anamuuliza habari za figo wakati yeye kilichomuuma ni kiuno. Ndipo nikakumbuka kitu nilichokisoma zamani nikakidharau. Kwenye Biblia ya Kiswahili, nabii Yeremia anasema Mungu huuchunguza moyo na kuvijaribu viuno. Neno la Kiebrania pale ni mafigo. Waebrania waliweka dhamiri ya mtu kwenye mafigo, kama sisi tunavyoweka uchungu kwenye maini. Watafsiri wakaona Mswahili atashangaa Mungu anatafuta nini kwenye figo, wakaandika viuno. Lakini kwenye Walawi, neno lile lile likiwa la mnyama wa sadaka, wakaliacha figo, kwa sababu kila aliyechinja mbuzi analijua.

Baba alinyamaza kutoka Mkolani mpaka tunashuka. Kisha akasema, "Kumbe mbuzi ana figo, mimi nina kiuno." Akacheka peke yake mpaka getini.

Swali lililobaki lilikuwa la daktari: nini kimeubana ule mrija? Kwa mzee wa umri wake watu hufikiria tezi dume kwanza, lakini tezi iko chini, ikibana hubana njia ya wote, mafigo yote mawili yangeonyesha. Mawe hayakuonekana. Basi siku ya pili ya miadi akamuuliza baba alikulia wapi, na kama alipokuwa mtoto aliwahi kuona damu.

Niliinuka nitoke. Baba akanishika mkono. "Kaa."

Akaeleza, anamtazama daktari na si mimi. Miaka ya sitini, wanachunga ng'ombe, mchana jua likichoma wanaingia lamboni na ng'ombe wao, wanaogelea mpaka vidole vinajikunja. Msimu wa mpunga wanashinda kwenye majaruba, maji ya magotini. Na ndiyo, ilikuwa inatoka nyekundu, ile ya mwishoni mwishoni. Kwa wavulana wote. Ambaye yake haikuwa nyekundu ndiye waliyemcheka, kwamba bado mtoto.

Watu wa Mwanza ukiwatajia kichocho wanatazama ziwani. Wako sahihi nusu. Ufukweni mwa ziwa, kwa wavuvi na wanaofua na kuogea pale, kilichozoeleka ni kile cha tumbo. Kichocho cha mkojo kina konokono wake mwingine, na huyo anapenda maji madogo, malambo, madimbwi, majaruba, huko bara kwenye ng'ombe na mpunga, mahali ambapo ziwa hulioni hata ukipanda juu ya jiwe. Minyoo yake huishi kwenye mishipa midogo ya damu karibu na kibofu, na mayai yake yana mwiba nchani. Yanayopenya yanatoka na damu. Yanayokwama yanabaki kwenye nyama ya kibofu na ncha za chini za mirija, mwili unayazungushia kovu, kovu linakuwa gumu kama chokaa, na mrija unabanwa kidogo kidogo. Mjerumani Theodor Bilharz aliwakuta minyoo hao Cairo mwaka 1851, katika maiti. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer akayakuta mayai yenyewe, yamegeuka chokaa, ndani ya mafigo ya maiti zilizokaushwa Misri miaka kama elfu tatu nyuma.

"Minyoo yenyewe ilishakufa siku nyingi," daktari alimwambia baba. "Umebaki na nyumba yao."

Alimwandikia prazikwanteli, dawa ya kichocho, hata hivyo, kwa tahadhari. Kuhusu mrija, ng'ombe wawili waliuzwa mnadani, na akawekewa kimrija chembamba cha plastiki ndani ya ule wa kwake, kimejikunja ncha zote mbili kisiteleze, moja ndani ya beseni la figo na nyingine kwenye kibofu. Akaonywa kwamba kovu likishupaa tena itabidi kupasua. Kikakaa wiki kadhaa, kikatolewa, tukaambiwa turudi kupima.

Kibandani nimebadilisha kitu kimoja. Mtu akiniuliza wameandika nini, namuuliza kwanza ana miadi lini na daktari wake, nampa karatasi tupu na kalamu, tunaandika pamoja maswali ya kwenda kumuuliza. Wengine wanakasirika. Juzi mzee mmoja aliniambia hiyo huduma ya kuandika maswali na yeye anaweza kujifanyia nyumbani bure, akaenda kwa jirani yangu wa M-Pesa, ambaye alimsomea.

Mwezi Januari nilimpeleka baba kwenye kipimo cha kurudia. Safari hii nilimwomba aliyekuwa anapima, kijana mchangamfu, kama naweza kuingia, naye akakubali. Baba alilala kitandani amevuta shati juu. Ile jeli ilipomgusa ubavuni akaruka. "Baridi kama kamasi la ndama." Kijana akacheka, akamgeuzia kioo na yeye atazame. Kila kitu kilikuwa kijivu, chengachenga kama televisheni ya zamani isiyoshika chaneli, na katikati ya figo la kushoto palikuwa na weusi mdogo wenye vidole vifupi.

"Awali huu weusi ulikuwaje?" nikauliza.

Akatafuta picha ya Septemba, akaiweka pembeni. Vidole vilikuwa vinene, vimeungana, mkono mzima mweusi. Sasa vilikuwa vimenywea.

Baba akanyoosha shingo. "Hicho cheusi ndicho nini?"

Kijana alinitazama, labda kwa sababu ya mvi za baba, labda kwa sababu mimi ni binti. "Ni majimaji, mzee, ndiyo yaliyokuwa yame..."

"Mayu," baba akasema bila kutoa macho kwenye kioo, "mwambie."

"Ni mkojo, baba."

"Naam," akasema, akajilaza vizuri ili kijana aendelee.